Historia ya Winfrida Mwangoka Bila Kuruka Miaka

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji na kata, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali mkasimama kwenye matope haya tangu asubuhi, familia ya marehemu mzee Anyelwisye Mwangoka inawasalimu na inawaomba uvumilivu, kwa kuwa historia itakayosomwa sasa ni ndefu kuliko ile iliyochapwa kwenye ratiba mliyo nayo mkononi. Ile ya kwenye ratiba iliandikwa na kamati siku ya Jumanne, ina ukurasa mmoja, na ndani ya ukurasa huo miaka kumi na mitano ya maisha ya marehemu Winfrida imewekwa katika mstari mmoja unaosema kwamba alijishughulisha na shughuli zake binafsi jijini Mbeya. Aliyeuandika mstari huo kwa mkono wake ni kaka yake marehemu, mzee Meshaki Mwangoka, ndiye huyu anayesimama mbele yenu, na wengi mnafahamu kwamba amesoma historia za marehemu katika usharika huu kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo anajua vizuri mahali pa kuruka, anajua kushusha sauti na kukohoa kidogo mpaka mwaka mbaya upite. Leo amechoka kuruka. Mchungaji alionyeshwa karatasi hizi asubuhi, akazisoma zote akiwa amesimama, na alichosema ni kwamba zisomwe taratibu.

Wazee waliotutangulia katika kanisa hili walikuwa na desturi kwamba Mkristo aandike mwenyewe habari za maisha yake angali ana nguvu, na ndugu waje kuongeza yale ya mwisho tu, desturi ambayo sisi tumeiacha kwa uvivu na kwa kuogopa kifo. Marehemu hakuiacha. Daftari lake lililetwa hapa nyumbani jana mchana na mtu aliyemuuguza, na mengi mtakayosikia yametoka humo, isipokuwa pale panapomhusu kaka yake, ambapo marehemu aliandika kwa upole kuliko mambo yalivyokuwa, na kaka yake amepasahihisha.

Winfrida Anyelwisye Mwangoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Masoko, katika uwanja huu huu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Anyelwisye na mama Elina, na alibatizwa tarehe 2 Aprili mwaka huohuo siku ya Pasaka. Alisoma shule ya msingi hapahapa Masoko tangu mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1979, na mwaka 1980 akachaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, ambako alihitimu mwaka 1983. Walimu wake walimsifu kwa mwandiko na kwa ukaidi. Kuimba hakujua kabisa, na aliwahi kuombwa na mwalimu wa kwaya awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, ombi ambalo alilikataa hadi uzee wake, na waliowahi kukaa naye benchi moja kanisani watathibitisha.

Januari 1984 aliajiriwa katika zahanati ya shamba la chai, ambako aliwahudumia wachumaji kwa miaka saba, na Julai 1991 akahamia hospitali moja jijini Mbeya, akafanya kazi hapo kwa miaka ishirini na mitano mpaka alipostaafu kwa hiari mwaka 2016 akiwa muuguzi wa kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa takatifu na bwana Joel Mwaijande wa Kisiba, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Neema, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1988. Bwana Joel alifariki dunia tarehe 22 Februari 1998 baada ya kuugua kwa miezi kumi na minne, na katika historia iliyosomwa siku ya maziko yake ilielezwa kwamba aliugua malaria kwa siku nne. Marehemu ameandika kuhusu siku ile maneno haya, nayo yanasomwa kama yalivyo: “Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mimi niliyemgeuza kitandani kila siku, nikawasikia wanamzika mtu mwingine mwenye jina la mume wangu. Sikulia tena. Nimekasirika mpaka leo.”

Sasa tunafika mwaka 2008, na hapa ndipo kaka yake angekohoa.

Mzee Meshaki, akiishi wakati huo kata ya Bagamoyo pale Tukuyu mjini, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Rubeni, aliyezaliwa mwaka 1987, kijana mpole, fundi wa kunyoosha nguo hata za mama yake, na siku ya Jumamosi tarehe 19 Aprili 2008 kijana huyo alikutwa chumba cha nyuma na kijana mwenzake, katika hali ambayo watu wazima mliopo hapa hamhitaji kuelezwa. Baba yake alimtoa nje mbele ya majirani, akamtupia begi, akamwambia asirudi mpaka awe mwanaume. Kijana alikwenda Mbeya kwa shangazi yake, kama ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angefanya.

Shangazi hakumpokea vizuri, na yeye mwenyewe ametaka lisemwe. Alimpeleka kwenye maombi mara tatu, alimlazimisha kufunga kula, alimnyima ufunguo wa mlango wa mbele, na kwa mwaka mzima hakumruhusu kubaki peke yake na watoto wadogo wa jirani, jambo ambalo ameliandika kuwa analionea aibu kuliko yote aliyowahi kufanya, kwa kuwa alikuwa muuguzi, alijua kwamba hakuna sababu, na alimwona kijana akitoka mwenyewe nje kila watoto wale walipoingia. Kilichombadilisha hakikuwa mahubiri. Mchana mmoja wa mwaka 2009 alirudi kazini akamkuta Rubeni jikoni amemshika mwenzake aliyepigwa na watu sokoni, taya limevimba, damu imeganda shingoni, na alipouliza kwa nini hawakwenda hospitali aliambiwa kwamba walikwenda, na kwamba walichekwa dirishani pale wanapoandikisha, wakaondoka. Hospitali ilikuwa ileile anayofanyia kazi yeye. Akamshona kijana huyo kwenye ngazi ya jikoni, na juma lililofuata wakaja wawili, na baada ya mwezi akawa anapika sufuria kubwa bila kumuuliza mtu yeyote idadi.

Mwaka 2010, yeye na wenzake watatu walipanga nyumba ya vyumba vitatu eneo la Ilomba, wakaisajili kama kikundi cha elimu ya afya, na kwa miaka saba nyumba hiyo ilikuwa kituo cha watu ambao sisi hapa tuna majina yetu ya kuwaita, na majina hayo hayatasomwa mbele ya jeneza. Walikuwa vijana wa kiume wanaopenda wanaume wenzao, wasichana wanaopenda wasichana wenzao, na wengine ambao nyumbani waliitwa jina moja na wao wakijijua kwa jina lingine. Wengi walitoka wilaya zetu hizi, Rungwe, Busokelo na Kyela, na baadhi ni watoto wa watu mliokaa kwenye hema hili. Anayeona maneno haya hayamfai kusikia anaruhusiwa kwenda kunywa chai jikoni kwa akina mama, hatahesabiwa kosa.

Kazi ya nyumba ile haikuwa ile iliyosimuliwa huku kwetu. Palikuwa na mabenchi mawili, birika, godoro la akiba na kabati la dawa. Waliokuwa wanaogopa kuonekana kliniki walichukuliwa vipimo pale na kusubiri majibu wakiwa wamekaa pamoja, mmoja akicheza bao na mwingine, aliyefukuzwa na mwenye nyumba alilalia lile godoro mpaka apate chumba, aliyekamatwa alifuatwa kituoni na mama aliyevaa sare ya uuguzi na aliyekataa kukaa kwenye kiti mpaka aonyeshwe mtu wake. Mama mmoja jirani alikuja kulalamika kwamba nyumba ile ina vicheko vingi mno kwa watu wanaodaiwa kuwa wagonjwa, akakaribishwa chai, na baadaye akawa anawasukia mikeka.

Kila Alhamisi mchana marehemu aliwaketisha waandike historia zao. Alikwisha kuona vijana watatu wakizikwa na halmashauri ya jiji bila neno, na mwingine akichukuliwa na ndugu ambao waliwaambia marafiki zake wasisogee kaburini, kwa hiyo aliwarithisha desturi ya wazee wetu, sisi tulipokuwa tumeiacha. Alikuwa mkali, mtu akiandika tu kwamba alizaliwa kijijini alirudishiwa daftari aandike kijiji gani, tarehe gani, na nani alimpokea kutoka mikononi mwa mkunga, na kwenye ndoa na watoto aliwaambia waandike kweli, waandike mtu waliyempenda ni nani na wamekaa naye miaka mingapi. Kati ya mwaka 2011 na mwaka 2023 alisimama makaburini akasoma historia kumi na tisa, kwa sauti ile ile mbaya mnayoifahamu, na hakuruka hata mwaka mmoja.

Ya saba ilikuwa ya Rubeni.

Rubeni alifariki dunia siku ya Jumatatu tarehe 3 Agosti 2015 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, baada ya kukaa na kikohozi miezi mingi akiwa mbali na shangazi yake, huko Tunduma, akiogopa dirisha lingine la hospitali nyingine. Marehemu alimpigia kaka yake simu mara tatu. Mara ya kwanza kaka hakupokea, mara ya pili alisema yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na mara ya tatu aliambiwa, “Kaka, mtoto yuko mochwari, njoo tumlete nyumbani,” akajibu kwamba atakuja kesho, na alikuwa na gari la kumpeleka na siku nzima mbele yake, hakwenda. Rubeni akazikwa Mbeya tarehe 5 Agosti.

Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza habari za Rubeni hapa kijijini na kule mjini aliambiwa na baba yake kwamba kijana yuko Bondeni, anafanya kazi Johanesibagi, hajambo, anawasalimu. Mmekuwa mkimwombea heri katika ibada za mwaka mpya, na baba yake amekuwa akiitika amina. Vijana wengi wa kwetu wako kule kweli, na uongo huo ulikaa vizuri kiasi kwamba ulianza kuota mambo mengine, gari, mchumba, mpango wa kujenga. Miaka kumi ni mingi kumlisha mtu asiyekuwepo. Kaka yake marehemu anawaomba radhi wote waliotuma salamu.

Na kwa kuwa mambo yanasemwa, hili nalo lisemwe. Mke wake, mama Monica, ambaye kwa miaka yote hiyo aliaga mara mbili kwa mwaka kwamba anakwenda kliniki ya macho Mbeya, hana tatizo la macho. Alikuwapo makaburini siku ile ya Agosti, aliisikia historia ya mwanawe mwanzo hadi mwisho, na amekuwa akienda kupalilia. Mumewe amelijua jambo hilo Jumanne wiki hii, baada ya kikao cha kamati, alipomsomea ule ukurasa mmoja na mama Monica akamwambia kwa sauti ndogo, “Baba Rubeni, mmemruka na Winfrida tena.” Wamekaa katika nyumba moja miaka kumi, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote wawili walikuwa wanalijua.

Mwaka 2017 ilikuja barua ya kuitaka nyumba ya Ilomba ifungwe. Marehemu aliisoma, akaikunja, akawaambia wenzake wabebe mabenchi, wakayapeleka nyumbani kwake, na toka siku hiyo akawa mama lishe mwenye wateja wanaokaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kula wali na maharage. Kabati la dawa halikuwepo tena, na yeye ameandika kwamba kati ya zile historia kumi na tisa, sita asingezisoma kama kabati lingebaki. Habari zilifika huku. Pasaka ya mwaka 2018 alikuja kusali nasi, akakaa kwenye benchi la akina mama, na mmoja baada ya mwingine wakahama, mpaka benchi zima likabaki na yeye na mkoba wake. Kaka yake alikuwa upande wa wanaume, aliona, akafungua kitabu cha nyimbo. Winfrida aliimba nyimbo zote, hakuja tena.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka 2019, akisumbuliwa na kisukari na shinikizo la damu, na tarehe 11 Novemba 2023 alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto ili alimalize daftari lake. Binti yake Neema anaishi Songea na ana watoto wadogo, alikuja kila alipoweza, na sisi ndugu zake wa Masoko, tulio umbali wa safari ya asubuhi moja, tulikwenda mara chache na kwa haraka. Waliomgeuza kitandani, wakamwogesha, wakamlisha uji na kugombana naye kuhusu sukari kwenye chai ni wale watoto wa mabenchi, kwa zamu, kwa mwaka mmoja na miezi sita, wakiongozwa na Doreen, ambaye hilo ndilo jina lake na familia imekubali kumwita hivyo, na ambaye ni yeye pekee aliyeruhusu atajwe. Kaka yake alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza chai aliyopikiwa na Doreen aliiacha mezani, mara ya pili aliinywa, na dada yake akacheka kwa upande mmoja wa uso mpaka akapaliwa.

Siku ya Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Winfrida Anyelwisye Mwangoka aliaga dunia nyumbani kwake Mbeya, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi miwili pungufu ya siku mbili. Kaka yake alipopiga simu akauliza ni nani waliokuwa naye, Neema aliyekuwa bado njiani alijibu kwamba mama alikuwa na watoto. Kaka akauliza watoto gani. Neema akakata simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa kijana mmoja wa maabara aliyekuwa akija kumpima sukari nyumbani baada ya kazi, wauguzi wenzake wa zamani waliofika na wimbo wao, majirani wa Mbeya, yule mama wa mikeka ambaye leo ameshindwa kupanda gari kwa sababu ya miguu, majirani wa Masoko mliotoa ndizi, kuni na mahema, akina mama mnaopika kwenye mvua, na vijana mliochimba kaburi mkakuta maji mkaanza upya bila kunung'unika. Kwenu wote familia inasema ndaga fijo. Kwa akina mama wa lile benchi, familia haiwadai neno lolote, kwa kuwa nayo ilikuwa humo humo kanisani.

Ameacha mtoto mmoja wa kumzaa, wajukuu watatu, kaka mmoja, na watoto wengine ambao majina yao hayasomwi, si kwa aibu, bali kwa sababu wanaishi katika mji ambao bado unaweza kuwadhuru, na marehemu asingekubali.

Ndugu anayeongoza ratiba ataita watoto wa marehemu kuweka udongo kabla ya ukoo, na karatasi yake inaonyesha mtoto mmoja. Neema amesema haendi peke yake. Kwa hiyo wale waliokuja na basi la Kosta wakasimama kule kwenye migomba, wakati viti hapa vipo, wanaombwa na familia watangulie naye, na wala hawataitwa mmoja mmoja, na sisi wa ukoo tutasubiri kwa muda watakaohitaji. Kaka yake atafuata mwishoni pamoja na mama Monica. Mkimwona anainama kuchota mara mbili, msidhani amechanganyikiwa na uzee, wa kwanza ni wa dada yake, na wa pili ni wa Rubeni, ambao alitakiwa kuuweka tarehe 5 Agosti 2015.

Winfrida, lala sasa kwa amani. Umechoka, na sisi tumechoka.